Kilo Kumi na Nne

Daktari alikuwa kijana, na alinieleza kwa adabu, ila maneno yenyewe hayakuwa na adabu hata kidogo. Figo yangu inamfaa ndugu yangu. Damu zetu zimekubaliana. Lakini mwili wangu ni mkubwa mno, hawezi kunipasua hivi nilivyo. Nilikuwa na kilo tisini na nne, na mimi ni mfupi. Akaandika themanini kwenye kikaratasi, akapiga mstari chini yake, akaniambia nikifika hapo nirudi, na nisipitishe miezi sita kwa sababu mgonjwa wetu hana muda wa kuchezea.

Nilicheka. Mpaka leo sijui nilichokuwa nachekea. Maisha yangu yote nimeambiwa nimenawiri, na hakuna siku mtu aliyewahi kunieleza kwamba unene wangu utakuja kumnyima mtu uhai. Kwetu mwanamke akinenepa watu husema anatunzwa, akikonda huanza kuulizana kwa sauti ya chini ana nini yule. Mimi sikutunzwa na mtu. Mume aliondoka zamani, binti yangu ameolewa Mariakani, na kila kilo niliyoibeba niliipika kwa mikono yangu mwenyewe. Nilikuwa najivunia, kwa nini niseme uongo.

Napika mahamri na mbaazi za nazi hapa Kibarani, Kilifi mjini. Wateja wangu ni mafundi wa ujenzi, watu wa bodaboda, walimu, na wafanyakazi waliotoka bara ambao mwanzoni walishangaa mbaazi kuliwa asubuhi na sasa hawaendi kazini bila hizo. Naamka alfajiri, nasukuma unga, nachoma mahamri, na harufu ya iliki inaniingia hadi kwenye nywele. Sasa mtu wa kazi hii mwambie apunguze kula. Ni kama kumwambia muosha magari asilowe.

Ndugu yangu ndiye kitinda mimba wa mama. Mama alizaa sita, wanne wakaenda wangali wadogo, tukabaki mimi wa kwanza na yeye wa mwisho. Nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inagusa magoti yangu. Alipokua akawa mkata mawe kwenye machimbo, mtu wa mabega, mtu wa kula sima ya watu wawili akauliza kama kuna nyingine. Presha ilimharibia figo zote mbili bila yeye kujua kwamba ana presha. Alipoanguka kazini ndipo tukajua. Tangu hapo akarudi Jilore kwa mama, na mara mbili kwa wiki alikuwa anapelekwa Malindi kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Hakuniomba figo. Nilisema mwenyewe, mbele ya mama, na mama akainuka akaenda kuwatazama kuku.

Nesi wa lishe alinipa karatasi. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, robo samaki au maharagwe, robo sima, na kipimo cha sima ni ngumi yangu. Nikautazama mkono wangu. Kwa mara ya kwanza nilitamani Mungu angenipa mikono mikubwa. Sukari hapana, mahamri hapana, nazi hapana kabisa. Nikamwambia, nesi, mimi ni Mgiriama, mimi napika kwa nazi, na unaniambia nazi hapana. Akasema ndiyo mama, nazi hapana.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa mwenye shibe miaka hamsini kasoro miwili, na njaa nilikuwa naiona kwa watu, siijui. Nilidhani njaa hukaa tumboni. Kumbe inakaa mdomoni, inakaa mikononi, inakaa kwenye macho. Ikifika saa nne asubuhi, wateja wameshaondoka na kwenye sufuria imebaki ile mbaazi ya chini iliyoganda na tui lake, mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe. Niliupiga. Nasema kweli, niliupiga mkono wangu kwa mwiko, na jirani yangu anayeuza mboga akaniuliza kama naumwa kichwa.

Nikajifunza vituko vya njaa kimoja kimoja. Nilikuwa nakunywa maji kikombe kizima kabla ya kugusa sahani. Chai ya tangawizi bila sukari, ambayo ni adhabu, nilikunywa saa kumi jioni kwa sababu saa hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Nilitafuna karafuu mpaka ulimi ukafa ganzi. Nilikaza leso tumboni kama mwanamke aliyetoka kujifungua. Maharagwe ya kuchemsha asubuhi yalinishika mpaka mchana kuliko chapati mbili zilivyokuwa zikinishika. Na niligundua kwamba njaa ina saa zake: inakuja, inapiga kelele, na ukijishughulisha na kitu cha mikono inachoka kabla yako. Hayo nesi hakunieleza, niliyapata mwenyewe.

Ila hasira sikuipatia dawa. Mpishi lazima aonje, na mimi niliacha kuonja, kwa hiyo chumvi ikawa inanipotea. Siku moja mwalimu mmoja, mteja wangu wa miaka, akasema, "Mama, mbaazi za leo zimepoa chumvi." Nikamwambia chumvi inauzwa dukani pale mkabala, aende akanunue. Akaweka sahani chini, akaondoka, akakaa wiki nzima haji. Baada ya hapo nikawa naonja na kutema pembeni. Watu wakaniona natema. Mara nikaambiwa nina mimba, mimi, kwa umri huu. Mwili ulipoanza kupungua ule uvumi wa mimba ukafa, ukazaliwa mwingine, na huo nauacha hapo kwa sababu mnaujua.

Mwezi wa kwanza mizani ilisema tisini na moja. Mwezi wa pili themanini na nane. Nesi alinishika bega akasema nikiendelea hivyo nitafika kabla ya wakati. Nilitoka pale kliniki nikampigia simu ndugu yangu, nikamwambia sita zimeondoka, zimebaki nane. Akasema, "Dada, usijiue kwa ajili yangu." Nikamwambia anyamaze, mimi ndiye mkubwa.

Kila Jumamosi nilikuwa naenda Jilore. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, maana ndugu yangu alikuwa amepoteza hamu ya kula. Alikuwa na vyakula vyake vya kukatazwa, chungu nzima: ndizi, nazi, maji mengi, chumvi. Mama alimpikia mchicha wa kuchemshwa na maji kumwagwa, na sima. Akiwekewa peke yake hakula. Aliitazama tu. Lakini nikikaa naye, tukaweka sinia katikati kama tulivyokuwa tukila utotoni, alingojea nimege tonge la kwanza ndipo naye amege. Nikiacha, naye anaacha. Nikimega tena, naye anamega. Nesi wa mashine alituambia mgonjwa asipokula atamalizwa na udhaifu kabla figo haijamfikia. Kwa hiyo nikala. Ngumi yangu moja ya sima ikawa mbili, ikawa tatu, maana bila hivyo yeye hakufikisha hata moja.

Sima tulikuwa tunakula moja, ila bakuli za mboga zilikuwa mbili. Yake ya mchicha, na yangu mama alinipikia mtsunga, zile mboga chungu za kwetu. Mama alisema, "Huu nimeuchemsha tu, mwanangu, hauna kitu." Nilikula. Nilikuja na njaa ya wiki nzima, njaa iliyokazwa kwa leso, na ule mtsunga ulikuwa laini, umetulia, uchungu wake umefunikwa. Nilifuta bakuli kwa tonge la mwisho. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda ananitazama, akauliza kama niongezwe, nikasema kidogo.

Alipozidi kudhoofika nikaanza kukaa Jilore siku nne za wiki na kufungua kibanda siku tatu. Mwezi wa tatu mizani haikusogea. Mwezi wa nne ikasema themanini na tisa. Nesi akaniuliza nakula nini. Nikamtajia: sima, mtsunga wa kuchemsha, dagaa kidogo. Akaniuliza tena, polepole, kama mtu anayeuliza mtoto nani amevunja kikombe. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia mizani yao imeharibika. Akapanda yeye mwenyewe, akashuka, akasema mizani ni nzima, na imebaki miezi miwili.

Kesho yake nilipanda pikipiki nikaenda Jilore bila kuarifu mtu, siku ambayo si siku yangu. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Beseni lilikuwa limejaa nazi iliyokunwa. Kifumbu cha kuchujia tui kilikuwa kando, na sufuria yenye mtsunga ilikuwa jikoni inatokota. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu wa kula nazi. Mgonjwa amekatazwa, na mama mwenyewe meno na tumbo vilikuwa vimeshamkatalia siku nyingi.

Nikamsalimia, kwa sababu ni mama. Kisha nikamwuliza hiyo nazi ni ya nani.

Hakuacha kukuna. Akasema, "Yako. Nilijua utakuja leo au kesho."

"Mama, unanitia tui."

"Nakutia."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuja hapa shingo imetoka mishipa."

Mimi nina mdomo, na siku hiyo niliutumia. Nilimwambia mama yangu maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia anamuua mwanawe kwa mkono wake, kwa kijiko, na kwamba kila nazi aliyoikuna ni siku aliyompunguzia. Nilimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yangu ni yeye. Sauti yangu nadhani ilifika barabarani. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Akapangusa mikono kwenye leso yake, akainuka kwenye mbuzi kwa shida, akasimama mbele yangu. Alinifikia begani.

"Nilizaa sita," akasema. "Nimezika wanne. Huyu wa ndani Mungu ameshamwita, mimi namwona, nyinyi ndio hamwoni. Wewe unataka kulala juu ya meza wakupasue, ukifa hapo hapo mimi nitazikwa na nani? Wawili kwa mpigo siwezi, mwanangu. Nimekataa. Kama ni dhambi nitajibu mwenyewe."

Nikamwambia hakuwa na haki ya kuchagua.

Akanitazama sana. Akasema, kwa upole kabisa, "Na wewe ulijua. Wewe ni mpishi wa mbaazi za nazi miaka ishirini. Unaweza kuniambia tui la kwanza na la pili kwa harufu tu. Ulijua tangu tonge la kwanza, ukala, ukafuta bakuli, ukaongezwa. Mimi sikukushika mdomo."

Nilijua. Ulimi ulinijulisha siku ile ya kwanza, kabla sijameza, kwamba hilo ni tui zito la kukamuliwa bila maji, na nikajiambia labda ni mtsunga mchanga, labda ni udongo wa mwaka huu. Nilijiambia nakula ili mgonjwa ale. Nilijiambia ni njaa. Njaa ilikuwepo, sikatai, lakini njaa nilikuwa nimeshajifunza kuishinda kibandani kwangu, mbele ya sufuria zinazotoka moshi, na huko sikuwa nashindwa. Nilikuwa nashindwa Jilore tu. Nilikuwa naogopa. Niliogopa kisu, niliogopa kulazwa usingizi nisiamke, niliogopa kubaki na figo moja na kazi ya kusimama mchana kutwa. Mwanamke aliyesema mbele ya watu kwamba atatoa figo hawezi kurudi kusema anaogopa. Lakini mizani inaweza kumsemea, na hakuna atakayemlaumu.

Nyumba ya mama ni ya udongo, na dirisha la chumba cha mgonjwa linatazama pale pale jikoni. Nilipoingia kumsalimia alikuwa ameamka, amelala chali, mikono juu ya kifua. Alikuwa amesikia yote. Nilikaa kando ya kitanda nikaanza kusema, na yeye akaweka mkono wake juu ya wangu. Ulikuwa mkono wa mkata mawe bado, mpana, ngozi ngumu, ila hauna uzito.

"Kula tu, dada," akasema. "Mimi nimeshiba."

Nililia mbele yake, jambo ambalo nilikuwa nimejizuia tangu augue. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningejitetea.

Kuanzia siku hiyo nilifunga kwelikweli. Nilikwenda Jilore na chakula changu kwenye hotipoti: maharagwe, samaki wa kuchemsha, sukuma wiki isiyo na mafuta. Mama akiweka bakuli lake mbele yangu nilikuwa nalisogeza kando, na yeye alikuwa analiondoa. Tulikuwa hatuzungumzi sana, mimi na yeye. Ndugu yangu tuliendelea kula naye sinia moja, ila sasa mimi ndiye niliyekuwa namega tonge dogo na kulitafuna muda mrefu, na yeye akitafuna na mimi, macho yake kwangu. Usiku nikilala na njaa nilifurahi. Nilikuwa naihesabu njaa kama kazi niliyoifanya siku hiyo. Baada ya wiki tatu nikapanda mizani: themanini na tano. Nikamwambia nesi aniandikie tarehe ya karibu ya kurudi kupimwa. Nilikuwa bado naogopa vilevile, lakini nilikuwa nimeamua kuogopa huku nakwenda.

Hatukufika. Ule mpira aliowekewa shingoni wa kuunganisha mashine uliingiwa na vijidudu. Jumatatu alitetemeka kwa baridi saa sita mchana, jua la Malindi likiwa linawaka, na Alhamisi akawa hatujui tena. Alikufa Ijumaa asubuhi, mimi nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, na kwenye mkoba nina maharagwe yangu ya kuchemsha ambayo sikuyala.

Hanga letu, yaani matanga yake, lilikuwa kubwa. Wakata mawe wenzake walikuja na lori, wakachimba kaburi wenyewe, na hakuna aliyechimba haraka kuliko wao. Sufuria zilipangwa, mbuzi wakachinjwa, wanawake wakasonga sima kwa miiko mirefu, maana kwetu mtu haliliwi bure, waliokuja kulia lazima washibe. Kila aliyepita mbele yangu aliniambia nile nipate nguvu za kulia. Nilikuwa naweka tonge mdomoni na halishuki. Hakukuwa na njaa. Ile niliyopigana nayo miezi yote, niliyoipiga mwiko na kuifunga leso, ilikuwa imeondoka bila kuaga, na nilimtazama mama upande wa pili wa mkeka, naye sahani yake ilikuwa vilevile haijaguswa. Alinyanyuka, akaja akakaa karibu yangu. Hakunihimiza kula. Tulikaa hivyo mpaka watu wakaanza kuondoka.

Nilirudi Kibarani nikafungua kibanda. Nilipika, nikaonja, chumvi ikawa sawa, wateja wakarudi. Watu niliwaambia nakula. Siku ya kliniki ilipofika niliona tarehe kwenye kadi, na sijui nilifikiri nini, nikaenda. Yule nesi wangu alikuwa likizo. Aliyekuwepo alikuwa msichana mgeni, mchangamfu, mwenye kalamu mbili mfukoni. Akanipandisha kwenye mizani. Sabini na tisa.

Akatazama kadi, akatazama mizani, akanitazama mimi kwa furaha ya kweli. Akasema lengo lilikuwa themanini na nimelipita, na kwamba kina mama wengi wanaanza na kuachia njiani, nimfundishe nimefanyaje ili awaambie wengine. Kisha akasoma maelezo ya nyuma ya kadi, yaliyoandikwa na mwenzake: akifika themanini apewe barua ya kwenda kwa daktari wa upasuaji, mchangiaji wa figo. Akavuta karatasi yenye muhuri akaanza kuandika. Aliandika umri wangu, uzito wangu, presha yangu, vyote vizuri. Nilimwacha aandike. Akaniuliza jina la mgonjwa ninayempa figo, nikamtajia majina yake yote matatu, taratibu, akayaandika, na alipomaliza ndipo nikamwambia tumeshamzika.